Mgonjwa wa Parkinson anahitaji mchakamchaka, asikalishwe kitini

Mama yangu mkubwa alikuwa katibu wa kikoba chao huko Morogoro kwa miaka tisa. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa duara, wa mtu aliyesoma enzi ambazo mwalimu alikagua hati kabla ya kukagua majibu. Mwaka mmoja wanachama wakaanza kulalamika kwamba daftari la hisa halisomeki. Ukilifungua, jina la kwanza limeandikwa vizuri, la nne limepungua, na ukifika jina la kumi herufi zimekuwa ndogo kama punje za ulezi. Wakadhani ni macho. Akanunuliwa miwani, na herufi zikaendelea kupungua.

Baadaye mkono wa kulia ukaacha kupunga anapotembea. Uso ukatulia, ukapoteza mikunjo ya kucheka. Sauti ikashuka kiasi kwamba mtoto akimwamkia "Shikamoo bibi", marahaba yake haifiki. Mtaani wakasema katibu siku hizi anajisikia. Ilipita karibu miaka miwili kabla daktari hajataja ugonjwa wa Parkinson. Akaandikiwa vidonge vya levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, na vilimsaidia sana. Pamoja na vidonge alipewa ushauri ambao nadhani familia nyingi zimeusikia: apumzike, asijichoshe, asitembee peke yake asije akaanguka.

Hilo la kutotembea peke yake lina busara. Hilo la kupumzika ninalipinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nimeona linavyomfanya mtu, na kwa sababu ushahidi uliokusanywa kwa miaka zaidi ya ishirini unasema kinyume chake. Mgonjwa wa Parkinson anahitaji kutoka jasho mara kadhaa kwa wiki, na anahitaji kufanya hivyo pamoja na wenzake. Na sisi wa Afrika Mashariki, tulio na madaktari bingwa wachache wa mfumo wa fahamu na dawa zisizopatikana kila duka, tuna sababu kubwa kuliko wengine ya kulichukulia jambo hili kuwa tiba.

Ugonjwa huu una jina la tabibu wa London, James Parkinson, ambaye mwaka 1817 aliandika kijitabu kuhusu watu sita, baadhi yao akiwa amewaona tu wakipita njiani. Alieleza mtetemeko, mgongo ulioinama, na hatua fupifupi za haraka kama za mtu anayekaribia kuanguka kifudifudi. Ilichukua zaidi ya karne kueleweka kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, na kwamba kwa wagonjwa hawa seli hizo zinakufa taratibu. Dopamini ikipungua mwili haupoozi. Misuli ipo na nguvu ipo. Kinachopotea ni wepesi wa kufanya mambo bila kuyafikiria: kupunga mkono, kugeuka kitandani, kumeza mate, kupepesa macho, kurefusha hatua. Kila kitu kinakuwa kidogo, na mgonjwa mwenyewe hajui. Masikioni mwake anaongea kama kawaida; ni sisi tunaoona kama ananong'ona.

Lakini njia moja ya ubongo ikiziba, mara nyingi ipo nyingine ya kuzungukia. Mwaka 2010 madaktari wa Nijmegen, Uholanzi, walieleza habari za mwanamume wa miaka 58 aliyekuwa ameugua kwa miaka 10. Akijaribu kutembea, alipiga hatua chache tu, miguu ikaganda sakafuni, akaanguka. Wakampa baiskeli. Akaondoka nayo, akageuza, akarudi bila shida yoyote. Aliposhuka tu, akaganda tena. Maelezo mojawapo waliyoyatoa ni kwamba mzunguko wa pedali unaipa miguu mapigo kutoka nje, na mapigo hayo yanafanya kazi ambayo ubongo umeshindwa kuifanya wenyewe.

Hatulazimiki kwenda Uholanzi kuutafuta ushahidi huo. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu 161,071 na kuwapata 33 wenye ugonjwa huu. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Walikuwa wameambiwa ni uzee, au wamerogwa, na dawa hawakuijua. Kisha likafanyika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, na kwangu mimi ni miongoni mwa tafiti nzuri zilizofanyika katika ardhi yetu kuhusu maradhi haya. Wagonjwa ambao hawajawahi kumeza kidonge walifundishwa kutembea kwa kufuata mapigo ya kifaa kinachogonga kwa mpangilio, kama saa ya ukutani. Nusu saa kila kipindi, vipindi 9, wiki 3. Mwendo wao uliongezeka na hatua zikarefuka, hata pale walipotakiwa kufanya jambo jingine huku wanatembea.

Kifaa kile kinagonga "ta, ta, ta". Ngoma inagonga hivyohivyo, makofi vilevile.

Nisieleweke vibaya kuhusu dawa. Levodopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kukosekana kwake katika vituo vyetu vingi ni jambo la aibu ambalo linastahili makala yake. Mgonjwa akikosa kidonge, hata hayo mazoezi hatayaweza. Wala haijathibitishwa kwamba mazoezi yanazuia seli za ubongo kufa. Kilichothibitishwa ni kwamba yanamrudishia mtu sehemu ya mwili wake: mwendo, mizani ya kusimama, usingizi, moyo wa kuishi. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyotoka mwaka 2023 yalikusanya majaribio zaidi ya 150 yenye washiriki zaidi ya 7,000, na yakakuta kwamba aina nyingi za mazoezi zinasaidia. Dansi, mazoezi ya majini, ya nguvu, ya mizani, ya kujenga pumzi. Waandishi wake hawakuona tofauti kubwa kati ya aina moja na nyingine.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonisukuma kuandika, maana duniani sasa kuna majina makubwa ya mazoezi ya Parkinson. Mjini Indianapolis, Marekani, mwaka 2006, mwendesha mashtaka wa zamani aitwaye Scott Newman, aliyegundulika na ugonjwa huu akiwa na miaka 40, alianzisha darasa la ndondi zisizo na mpinzani liitwalo Rock Steady Boxing. Watu hupiga begi la mchanga, huzunguka, huhesabu kwa sauti, na hakuna anayepigwa. Sisi tunaomkumbuka Muhammad Ali wa Kinshasa 1974, na baadaye Ali yule mwenye mikono inayotetemeka akiwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta mwaka 1996, tunaweza kushangaa kwamba ndondi imegeuzwa kuwa dawa, lakini imegeuzwa, na watu wanafaidika. Huko Brooklyn, kundi la dansi la Mark Morris limekuwa likifundisha wagonjwa tangu 2001. Ni kazi njema, na ninawaheshimu walioianzisha.

Hofu yangu ni kwamba sisi tutaketi kusubiri majina hayo yafike na vyeti vyake, mkufunzi aende ng'ambo akasomeshwe, tununue glovu na vioo vya ukuta mzima, ndipo tuanze. Kama mapitio ya majaribio yote yale hayaoni tofauti kubwa kati ya aina moja ya mazoezi na nyingine, basi kinachofanya kazi ni kile ambacho ndondi na dansi vinashirikiana. Na hicho tunacho tayari.

Fikiria mchakamchaka. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua: asubuhi na baridi, mwalimu wa zamu na fimbo yake, mtu mmoja mbele anaanzisha wimbo, kundi zima linaitikia, vumbi linapaa. Uchambue kama daktari anavyochambua dawa. Kuna mapigo ya nje, yanayotoka kwenye wimbo na kwenye vishindo vya miguu ya wenzako, yaleyale ya Hai. Kuna amri ya kuinua magoti, yaani kufanya mwendo mkubwa kuliko unavyojisikia, na huo ndio msingi wa mazoezi yanayofundishwa wagonjwa hawa Ulaya na Marekani. Kuna mtu mbele wa kuigiza, hivyo macho yanasaidia pale ubongo unaposita. Na kuna sauti. Mwaka 1987 huko Marekani ilianzishwa tiba ya sauti iliyopewa jina la mgonjwa mmoja wa Arizona, Lee Silverman. Siku 4 kwa wiki kwa wiki 4, mgonjwa anafundishwa jambo moja kubwa, kutoa sauti ya juu. Mwitikaji wa mchakamchaka anafanya nini kingine? Akiitikia kwa kunong'ona, jirani yake atamgeukia.

Sisemi tuwakimbize wazee uwanjani saa kumi na mbili alfajiri. Nasema umbo hilo lipo mwilini mwao tangu utotoni, na linaweza kupunguzwa kasi. Mtu wa miaka sabini atatembea badala ya kukimbia, au atakanyaga akiwa ameshika mgongo wa kiti kizito, lakini wimbo utakuwa uleule. Asiyependa kumbukumbu za shule ana ngoma. Wazaramo wana mdundiko, ngoma inayotembea barabarani, na sijui zoezi gani la kutembea kwa mapigo linaweza kuupita. Wanawake wa pwani wana lelemama, safu moja, mwendo mmoja, shingo imenyooka. Wanakwaya wana zile hatua zao za kuingia kanisani, mbili mbele na kidogo pembeni, ambazo zinamfundisha mtu kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Kuhamisha uzito ni jambo analoliogopa sana mgonjwa wa Parkinson anapotaka kugeuka jikoni.

Kuna onyo hapa. Vikundi vya wazee nilivyowahi kuviona vingi vinaishia kwenye kunyoosha shingo na kuzungusha mabega, watu wamekaa, kisha chai. Ni vizuri kwa kampani, lakini ni kipimo kidogo mno. Mwaka 2012 watafiti wa Oregon walitoa matokeo ya watu 195 waliogawanywa katika madarasa matatu, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24. Waliofanya tai chi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole yanayochezea mizani, walisimama imara zaidi na wakaanguka mara chache kuliko waliokuwa wananyoosha viungo tu. Kunyoosha viungo kulikuwa ndicho kipimo cha kulinganishia, kama kidonge kisicho na dawa. Na katika jaribio jingine la Marekani lililochapishwa mwaka 2018, watu 128 waliogundulika karibuni waligawanywa katika makundi matatu. Waliotembea kwenye mashine siku nne kwa wiki hadi moyo ukapiga kwa asilimia 80 hadi 85 ya uwezo wake, hali yao ya mwendo baada ya miezi sita ilikuwa karibu palepale, huku ya wale walioendelea na maisha ya kawaida ikiwa imeshuka. Kwa hiyo mwalimu wa kikundi asiogope jasho. Mtu akimaliza bila kuhema, hajatumia dawa yake yote.

Msomaji makini ataniuliza: hayo yote si mtu anaweza kufanya nyumbani? Anaweza. Watafiti wale wa Nijmegen mwaka 2019 walitoa matokeo ya watu 130. Nusu yao walipewa baiskeli za kukanyagia nyumbani, angalau mara tatu kwa wiki kwa miezi sita, na walikuwa na hali bora ya mwendo kuliko wenzao walionyoosha viungo. Siwezi kudai kwamba mazoezi ya peke yako hayafai. Ila tazama walichohitaji ili wasiache: baiskeli iliyounganishwa na michezo ya skrini, programu ya kuwahamasisha, mtu wa kuwafuatilia. Walijua kwamba mgonjwa huyu ana adui wa ziada. Dopamini inahusika pia na hamu ya kuanza jambo, na inapopungua, mtu anaweza kukaa kitini saa tatu akijua vizuri kwamba anatakiwa kuinuka. Ndugu humwita mvivu. Siyo uvivu, ni ugonjwa wenyewe. Kumwambia mtu wa namna hiyo "fanya mazoezi nyumbani" ni kama kumwambia aliyevunjika mguu aende mwenyewe hospitali.

Uholanzi walimtengenezea skrini. Sisi tuna kikoba.

Wanachama wa kikoba wanajua jinsi kinavyokufunga. Siku ya mkutano inajulikana, jina linaitwa, ukichelewa kuna faini, usipokuja bila taarifa kuna faini kubwa zaidi, na ukiugua kuna mfuko wa jamii na watu watakaokuja kukuona. Hakuna programu ya simu niliyowahi kuiona yenye nguvu hiyo. Mama mkubwa alipoacha ukatibu, wenzake hawakumwacha. Mwenyekiti alikuja nyumbani akasema, "Dada, daftari tumempa mwingine, lakini wewe bado ni mwanachama, na mahudhurio ni yaleyale." Baada ya mkutano wakaanza kuzunguka naye uwanja wa shule ya jirani, mmoja kulia, mmoja kushoto, wanaimba. Mwanzoni ilikuwa huruma. Kisha wawili kati yao, wenye sukari na presha, wakagundua kwamba wao ndio wanaofaidika. Sasa ni Jumanne na Ijumaa, na mzee mmoja wa mtaa wa pili mwenye ugonjwa huohuo ameungana nao baada ya kuona kwamba si yeye peke yake.

Hili la "si yeye peke yake" halipimwi kwa saa wala kwa mita, na ndilo nililoliona likibadilisha mtu. Kwenye jamii yetu uso uliokakamaa unasomwa kama kununa, mkono unaotetemeka unasomwa kama pombe, na salamu isiyosikika ni dharau. Mgonjwa anajifungia ili asisomwe vibaya. Ndani ya kikundi hakuna anayemsoma. Mtu akiganda katikati ya mzunguko, hakuna anayemvuta mkono, maana wameshajifunza kwamba kuvuta kunaangusha; wanasimama, mmoja anahesabu moja, mbili, tatu, na hatua inatoka.

Mambo ya usalama hayataki utaalamu mkubwa, yanataka mtu aliyeelekezwa. Saa ya mazoezi ifuate saa ya kidonge. Klabu za jogging za mjini hukimbia alfajiri, lakini alfajiri ndiyo saa ambayo kidonge cha jana usiku kimekwisha na mgonjwa ni mgumu kama gogo. Kwa hiyo ameze, asubiri dawa ishike, na kikundi kikutane saa tatu au saa nne. Kwa baadhi ya watu nyama na maharage mengi karibu na saa ya levodopa huichelewesha dawa kufanya kazi, basi mlo mzito uje baadaye. Presha inaweza kushuka mtu anaposimama ghafla, hivyo anayeinuka kitini asimame kidogo kwanza. Mwenye tatizo la moyo apimwe kabla hajaambiwa aheme. Viti visiwe vya plastiki vyepesi vinavyoserereka. Sakafu isiwe na maji. Kandambili zibaki mlangoni, watu wavae viatu vinavyoshika mguu.

Hapo ndipo hospitali zetu za mikoa zinapohitajika. Mtaalamu wa mazoezi tiba aliyepo sasa anamwona mgonjwa mmoja mmoja, dakika chache, na kumpa tarehe ya kurudi baada ya mwezi. Mgonjwa anayetoka mbali analipa nauli ya kwenda na kurudi, wakati mwingine na ya msindikizaji, kwa ajili ya dakika hizo. Mtaalamu huyohuyo akitumia asubuhi mbili kwa mwezi kuwafundisha viongozi wa vikundi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu wa kwaya, akina mama wa vikoba, atawafikia watu ambao hatawaona kamwe mlangoni kwake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa tangu 2023. Ningependa kuona wanaopanga mafao wakiuhesabu uongozi wa kikundi cha mazoezi kama huduma inayolipiwa, kama wanavyohesabu kidonge na kitanda. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi na Parkinson, idadi iliyoongezeka maradufu katika miaka 25, na nchi zetu ambazo wazee wanaongezeka hazitakwepa sehemu yake.

Mama mkubwa hajapona. Bado anaganda kwenye mlango wa jikoni, na jioni dawa ikiisha anarudi kuwa mgumu. Mwandiko wake haujarudi. Ila anageuka kitandani mwenyewe, na tangu aanze kuzunguka na wenzake ameanguka mara moja tu, chooni, usiku.

Ijumaa iliyopita mvua ilinyesha Morogoro tangu alfajiri. Nilimpigia saa nne na nusu nikidhani yuko kitandani. Simu ilipokelewa na mwenyekiti, nyuma yake makofi na wimbo. Uwanja ulijaa maji, akasema, kwa hiyo walikuwa barazani kwake, wanakanyaga hapohapo. "Shangazi yako hawezi kuongea sasa," akaniambia, akikosea undugu wetu kama kawaida yake. "Yeye ndiye anayeanzisha."